Kuchemsha Hakuondoi Sumu

Gatitu ni kituo kidogo karibu na mji wa Nyeri, na mahindi hukifikia kwa njia tatu: kutoka shambani kwa mwenyeji, kwa lori kutoka Bonde la Ufa na nje ya mipaka, na yakiwa tayari unga ndani ya pakiti. Kwenye foleni ya kinu cha posho, dukani, na pale maziwa yanapokusanywa asubuhi, utasikia watu wakielezana kwa uhakika kamili kuhusu ukungu: upi una madhara, upi hauna, na unaondolewaje. Mengi ya maneno hayo si kweli. Mengine ni kweli nusu, na hiyo nusu ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa humtuliza mtu aliyepaswa kushtuka. Nitayajibu moja baada ya jingine, na nitakaa zaidi pale ambapo kosa hulipwa kwa maisha.

Kwanza tujue ukungu hufanya nini ndani ya punje. Kuvu haina mdomo wala tumbo. Chakula chake hukimeng'enya nje ya mwili wake: hutoa vimeng'enya vikaenea kwenye punje na kuikata minyororo mirefu ya wanga. Kimoja kati ya hivyo, alfa-amilesi, hukata mnyororo popote katikati na kuacha vipande vifupi vya sukari, maltosi ikiwemo. Kingine, glukoamilesi, huanzia nchani na kuchomoa glukosi moja moja. Kuvu hufyonza sukari hiyo, hukua, na katika kukua hutoa joto na maji. Ndiyo maana gunia la mahindi yenye unyevu hupata moto katikati, punje zake huwa nyepesi, na unga wake husumbua sufuriani: wanga uliopaswa kuvimba na kuukaza ugali umekwisha kukatwakatwa.

Kuvu inayotuhusu zaidi ni Aspergillus flavus, ile yenye unga wa kijani uliochanganyika na manjano. Ndiyo hutengeneza aflatoksini, yaani sumukuvu. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, Ahmad Fakhoury na Charles Woloshuk, walionyesha jinsi sumu hiyo inavyofungamana na ulaji wa wanga. Waliiharibu jeni inayotengeneza alfa-amilesi ndani ya kuvu hiyo. Kuvu iliyobaki bila jeni hiyo ilipolishwa glukosi ilitoa sumu kama kawaida. Ilipolishwa wanga, haikutoa. Walipoipandikiza kwenye punje zilizoondolewa kiini, sumu ilionekana tu katika zile zilizopewa kuvu yenye jeni nzima. Sukari inayotokana na wanga uliokatwa ndiyo huiwasha kuvu ianze kutengeneza sumu. Basi tuje kwenye madai.

"Githeri huchemka masaa matatu. Hakuna ukungu unaovumilia moto huo."

Kweli, ukungu hauvumilii. Kuvu hufa, na vimeng'enya vyake hufa mapema zaidi, kwani ni protini na alfa-amilesi ya kuvu hupoteza nguvu karibu na digrii 70 za Selsiasi. Lakini aflatoksini si kiumbe na si protini. Ni molekuli ndogo ngumu ambayo ikiwa kavu huanza kuvunjika kwenye joto la zaidi ya digrii 230. Nyeri iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji ya huku huchemka karibu na digrii 94. Kuni ziwe nyingi kiasi gani, sufuria iliyo wazi haitapita hapo. Unachopata baada ya masaa matatu ni githeri laini, kuvu iliyokufa, na sumu ile ile.

Hili lilijaribiwa kwa maisha ya watu nchini mwetu. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, waligunduliwa wagonjwa 317 wa sumukuvu, na 125 kati yao walifariki. Walikula nini? Githeri, ugali na uji, vyakula vilivyopikwa vizuri katika nyumba zinazojua kupika. Mahindi yalikuwa yamevunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Uchunguzi wa sampuli 350 kutoka masoko ya eneo hilo ulionyesha kwamba asilimia 55 zilizidi kiwango cha sheria cha wakati huo, ambacho kilikuwa sehemu 20 kwa bilioni, na asilimia 7 zilizidi sehemu 1,000. Leo kiwango cha Kenya kimeshushwa hadi 10. Thika si mbali nasi. Ni barabara ile ile tunayoteremka kwenda Nairobi.

Anayetetea moto ana hoja moja ya haki. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza sumu, kwa sababu sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Utafiti uliofanywa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kukoboa kunapunguza karibu nusu kwa wastani. Kuchemsha na magadi hupunguza zaidi, kwa sababu ya ukali wa magadi wenyewe. Ila nusu ya kitu kikubwa bado ni kikubwa. Mahindi yenye sehemu 400 kwa bilioni yakikobolewa yakabaki na 200, bado yamezidi sheria mara 20. Tena mama hapimi. Hajui alianza na 400 au na 12. Kukoboa ni kinga ya ziada kwa mahindi mazuri. Mahindi mabaya hayasafishiki hivyo.

"Hilo ni tatizo la Ukambani. Huku kwetu ni baridi."

Ni kweli A. flavus hupenda joto, hasa kati ya digrii 25 na 35, na mmea uliochoka kwa ukame. Nyeri haiko hivyo. Lakini nani kati yetu hula mahindi ya Nyeri peke yake mwaka mzima? Mashamba yetu ni madogo, mengi yako chini ya kahawa, majani chai na majani ya ng'ombe. Gunia tunalonunua Machi limetoka mahali pengine, na limekuja na historia yake yote. Gunia halitangazi lilikotoka, na muuzaji wa mwisho mara nyingi hajui.

Baridi nayo ina kuvu wake. Fusarium hustawi katika nyanda za juu na hutoa sumu nyingine, fumonisini ikiwa mojawapo. Na baridi yetu ya Juni hadi Agosti, wakati ukungu wa angani unapolala juu ya migunda hadi adhuhuri, ndiyo inayotunyima jua la kuanikia. Mahindi yakivunwa mabichi, yakaanikwa siku mbili za mawingu na kufungwa gunia, joto la nje halihitajiki tena. Kuvu inajitengenezea lake humo ndani, kama nilivyoeleza. Ninasisitiza hili kwa sababu ndilo dai linalosemwa kwa fahari, na fahari haikaushi punje.

"Mimi huchagua kwa macho. Yenye rangi natupa, safi nabaki nayo."

Endelea kuchagua. Sumu haisambai sawasawa katika gunia. Punje chache zaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu yote, na kutupa zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na dumuzi, zilizovunjika na nyepesi hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Kosa liko kwenye neno "safi". Aflatoksini haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kuvu inaweza kuwa imekufa na kupukutika, punje ikang'aa, na sumu ikabaki. Na kuchagua kunawezekana kabla ya kusaga tu. Baada ya kinu hakuna jicho linaloona kitu. Kwa hiyo ile desturi ya kusaga punje mbovu zikiwa zimechanganywa na nzuri "zisipotee" ndiyo desturi mbaya kuliko zote ninazozijua katika jambo hili, kwa kuwa huchukua sumu iliyokuwa mahali pamoja na kuigawa kwa kila sahani.

"Yaliyoharibika mpe ng'ombe au kuku."

Hapa Nyeri, ambako maziwa hulipa karo, dai hili lina uzito kuliko mengine. Ng'ombe akila aflatoksini, ini lake huibadilisha sehemu yake kuwa aina nyingine inayoitwa M1, nayo hutoka kwenye maziwa. Kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 3 ya alichokula, na kwa ng'ombe anayekamuliwa sana yaweza kufika 6. Huonekana kwenye maziwa ndani ya siku moja. Kuchemsha chai hakuiondoi, kwa sababu ile ile ya githeri. Viwango vya kimataifa vya Codex huruhusu nusu mikrogramu tu katika kilo ya maziwa, kwa kuwa wanywaji wakubwa wa maziwa ni watoto, na mwili wa mtoto ni mdogo. Habari njema ni kwamba ukiacha kumlisha, maziwa husafika katika siku chache.

Kuku, bata na nguruwe nao hawana kinga. Dunia iliijua aflatoksini kwa mara ya kwanza kupitia ndege wa kufugwa: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Mkate ulioota ukungu ambao wafugaji huununua kwa bei ya chini haujulikani umeota kuvu gani. Akili ni kuukataa. Na machicha ya pombe yahitaji tahadhari yake. Nafaka ikitumika kutengeneza pombe, wanga huondoka kwa kugeuzwa sukari na kisha kilevi, lakini sumu haiondoki nao. Hubaki kwenye machicha, tena ikiwa imekolea hadi karibu mara tatu, kwa kuwa uzito wa nafaka umepungua. Mwenye ng'ombe anayenunua machicha amuulize muuzaji nafaka ilikuwa ya hali gani, na asinunue yaliyokaa siku nyingi wazi.

"Uji ukichachuka, na pombe ya kienyeji, huua kila kitu."

Hili ni fupi. Uchachu huzuia bakteria wengi wabaya na hupunguza sumukuvu kidogo, lakini si kwa kipimo cha kutegemewa. Muratina haihusiki hata kidogo, kwani hutengenezwa kwa asali au maji ya miwa, na chachu hula sukari iliyopo tayari. Chachu ya kawaida haiwezi kukata wanga. Ndiyo sababu busaa huhitaji wimbi lililooteshwa: mbegu inayochipua ina amilesi zake yenyewe.

"Basi kuvu zote ni sumu, na mikate ya dukani imejaa vimeng'enya vya kuvu."

Sehemu ya pili ni kweli. Sehemu ya kwanza si kweli, na ni muhimu tuzitenganishe, kwa sababu hofu isiyochagua hudharauliwa mwishowe hata pale inapohitajika.

Aspergillus flavus ina ndugu wa karibu sana anayeitwa Aspergillus oryzae. Ni wa karibu kiasi kwamba wanasayansi wengi wanamhesabu kuwa flavus aliyefugwa. Wajapani wamemtumia kwa karne nyingi kutengeneza koji, nafaka iliyooteshwa kuvu, ambayo ndiyo chanzo cha sake, mchuzi wa soya na miso. Vinasaba vyake vyote vilisomwa na kuchapishwa mwaka 2005. Ndani yake zimo nakala kadhaa za jeni ya alfa-amilesi, huku jeni za kutengenezea aflatoksini zikiwa zimeharibika au zimenyamaza. Binadamu alichagua, kizazi baada ya kizazi, kuvu inayokata wanga vizuri na isiyodhuru, kama tulivyochagua ng'ombe wa maziwa.

Mjapani mmoja, Takamine Jokichi, alihamia Marekani na mwaka 1894 akapata hataza ya kimeng'enya cha kukata wanga alichokikamua kutoka kuvu hiyo iliyokuzwa kwenye pumba za ngano. Kiliuzwa kwa jina la Taka-Diastase kama dawa ya tumbo lisilomeng'enya chakula vizuri, na tangu hapo tasnia ya vimeng'enya vya kuvu ikazaliwa. Waokaji walikipenda baadaye. Unga wa ngano una amilesi zake, lakini nyingine hazitoshi, na kipimo kidogo sana cha alfa-amilesi ya kuvu hukata wanga uliovunjika wakati wa kusaga, kikaipa chachu maltosi ya kula. Mkate hufura, ganda hupata rangi ya kahawia. Mwokaji huchagua cha kuvu badala ya cha bakteria kwa sababu maalumu: hiki hufa mapema ndani ya tanuri, kabla hakijaukatakata wanga wote na kuufanya mkate unate. Kwa hiyo anayeila silesi Gatitu anakula protini iliyokufa, kiasi kidogo mno, ambayo tumbo humeng'enya kama protini nyingine.

Wanaodhurika wapo, ila si walaji. Ni vijana wanaomimina unga kwenye mashine. Vumbi la alfa-amilesi likivutwa puani siku baada ya siku huleta mzio na pumu ya waokaji. Ugonjwa huu unajulikana vizuri katika tiba ya kazini. Mwenye kiwanda cha mkate Nyeri au Karatina asiyewapa wafanyakazi barakoa zinazofaa na chumba chenye hewa anawakosea, na laiti kelele zote za mitaani kuhusu "kemikali za mkate" zingeelekezwa hapo.

"Serikali inatupandia kuvu mashambani."

Hii inahusu Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015 kutokana na kazi ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, na washirika wake. Ndani yake kuna aina nne za Aspergillus flavus zilizookotwa katika udongo wa Kenya yenyewe, zisizoweza kutengeneza aflatoksini. Hupakwa juu ya punje za mtama zilizokaangwa zisiote, na mkulima hutawanya kilo 4 kwa ekari wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu hii njema huukata wanga wa ule mtama, hupata nguvu, huzaa mbegu zake na kuzipiku zile zenye sumu katika kugombea hindi. Amilesi ile ile inayotuletea maafa gunini ndiyo huipa mlinzi wetu chakula shambani. Katika majaribio mengi sumu ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, ni kuvu, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Ila haichukui nafasi ya kuanika juu ya turubai: mahindi yaliyotiwa Aflasafe yakifungwa na unyevu yataoza kama mengine.

Nimalizie na jambo ambalo bado halijawa dai, nalijibu kabla halijawa. Mwaka 2001 Fakhoury na Woloshuk walitangaza kwamba walipata, ndani ya jamii ya maharagwe, protini inayoifunga alfa-amilesi ya A. flavus na kuzuia kuvu hiyo isikue. Haragwe hilo ni Lablab purpureus. Sisi tunaliita njahi, na tunampikia mzazi aliyejifungua. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi sana, na naamini chuo kama Dedan Kimathi hapa Nyeri kina sababu zote za kuifuatilia: mahindi yaliyopewa kinga ya njahi yangekuwa fahari ya mlima huu. Lakini protini hiyo huzuia kuvu isianze. Haigusi sumu iliyokwisha kutengenezwa, na katika sufuria ya githeri haifanyi lolote kwa aflatoksini. Mtu asije akauza njahi sokoni kama dawa ya mahindi mabovu.

Kinga iliyopo leo ni ukavu. Kiwango ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Bodi ya Nafaka, NCPB, ina huduma ya kukausha katika maghala yake. Asiye na nafasi hiyo aanike juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, na avune mapema akaushe ndani kuliko kuyaacha mahindi yanyeshewe shambani. Mifuko isiyopitisha hewa husaidia dhidi ya dumuzi na fukusi, ambao hutoboa punje na kumfungulia kuvu mlango, lakini hufaa kwa mahindi makavu tu.

Asiye na kipimo achukue chupa ya kioo kavu, atie chumvi kavu na mahindi hadi nusu, aitikise vizuri, kisha aiache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, bado anika siku mbili tatu, kwa kuwa 15 si 13.5. Na ikinata, tafadhali usifunge gunia, hata kama mnunuzi amekwisha kuegesha lori.